Hereni ya Bibi

Nkwimba mwanangu,

Salamu zako nimeziweka mpaka asubuhi, tutakapoamkiana kabla gari halijaja. Sasa hivi naandika tu. Ng'ombe wameshaingia, mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga, na wewe nakusikia kule nyuma ya nyumba unacheka na wadogo zako, utafikiri kesho ni siku kama siku nyingine. Nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la zamani. Usinigombeze, zilikuwa hazijaandikwa kitu.

Mambo ya shuka, ya sabuni, ya kushika begi lako vizuri stendi, ya kupiga simu ukifika, mama yako ameyasema tangu juzi na kesho atayarudia. Mimi hayo siyawezi. Mimi nataka tuongee habari za Bibi, na namna alivyokaribia kukuzuia usiondoke. Utasema unazijua, ulikuwepo. Kweli ulikuwepo, lakini kuna upande wangu ambao sijakuonyesha, na nisipouandika leo sitausema tena. Unanijua mdomo wangu, kwa utani uko tayari saa zote, ila kwa jambo lenyewe unakuwa mzito.

Nimekaa kwenye gogo la mlangoni mwa zizi. Moshi wa kinyesi cha ng'ombe nilichowasha kufukuza mbu unanifuata machoni kila ninakogeukia. Bibi amelala karibu kabisa na mimi, yule yule mwekundu mwenye baka jeupe pajani, anacheua polepole, na hereni yake ya njano inatikisika kila taya likienda. Nikiitazama sana nasinzia. Nikisinzia nayaona ya kule kwetu ziwani na ya huku Nambilanje yamekuwa kitu kimoja, minyaa ya kwetu imeota kando ya mikorosho, na watu waliokufa wanachota maji kwenye kisima chetu hiki hiki. Basi barua ikirukaruka, ujue baba yako alilala kidogo katikati.

Siku niliyoondoka kwetu, mama yangu alisimama kwenye uwazi wa ua wa minyaa, pale ng'ombe wanapopita. Wewe ulikuwa mdogo sana, mlishatangulia na mama yako kwenye lori, ukimlilia mbwa. Sisi wanaume tulikuwa tunakuja kwa miguu na ng'ombe. Mama akanipa mtamba wake mmoja mwekundu, akaniambia, "Huyu mfuate nyuma, usimtangulie. Siku akigeuka kuja huku, na wewe geuka." Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mvua zikiisha narudi." Mvua ziliisha. Zikanyesha nyingine, zikaisha nazo. Sikurudi, mwanangu. Kila mwaka palikuwa na sababu na kila sababu ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana sikugundua mapema kuwa nilikuwa nadanganya.

Habari za msiba zilinikuta mtoni nikinywesha. Nilisimama ndani ya maji na simu sikioni mpaka ng'ombe wakamaliza kunywa wakaondoka wenyewe. Walikwisha kumzika. Yule mtamba wakati huo alikuwa amezaa ndama jike, mwekundu kama yeye, na tulipofanya mambo yetu ya kumkumbuka marehemu nikampulizia yule ndama maji ya unga wa mtama mgongoni, nikamwita kwa jina la mama. Ndiye Bibi huyu. Tangu siku hiyo hachapwi fimbo, hauzwi, na asubuhi anasalimiwa kabla ya watu. Wewe umekua ukiona hivyo, huulizi. Ila rafiki zako wa shule walipokuja hapa na kunisikia namwambia ng'ombe "Umeamkaje, mama?" walitazamana, nikawaona. Nikafanya makusudi kumsalimia tena kwa sauti zaidi.

Sasa ile siku ya hereni. Loo! Mama yako mpaka leo akitaka kunishusha mbele ya wageni anaanzia hapo. Serikali ya kijiji ilitangaza kila mfugaji alete ng'ombe wavishwe hereni za kielektroniki, zile zenye kidude ndani kinachoshika namba, na namba hiyo inawekwa pamoja na jina la mwenye ng'ombe na simu yake. Mimi nikasikia neno moja tu, kuhesabiwa. Wewe unajua kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake kwa sauti, sembuse ahesabiwe na kijana mgeni mwenye kompyuta ya mkononi. Nikawapeleka nusu korongoni alfajiri, nikawafungia njia kwa miiba, nikarudi nikakaa kwenye kiti kama mtu mwenye ng'ombe wachache na roho nyeupe. Yule kijana wa mifugo akaanza kazi. Hajafika mbali, tukasikia kwato. Wale wa korongoni wamevunja miiba, wanarudi nyumbani mbio, wanalia, na wa mbele yao alikuwa Bibi. Kijana akanitazama. Nikamwambia, "Hao ni wageni." Wewe ulikimbilia ndani ukaziba mdomo kwa kanga, nikakuona.

Ilipofika zamu ya Bibi, yule kijana akauliza kama alivyouliza kwa wengine, "Huyu naye wako, mzee?"

"Hapana, si wangu."

"Wa nani?"

"Wa mama yangu. Nkwimba Masanja."

"Yupo hapa?"

"Yupo."

Sikumdanganya. Ndivyo nilivyojua mimi, na mpaka sasa sijui ningejibu vipi vingine. Ng'ombe wa marehemu anawezaje kuwa wangu? Ningesema wangu, ningelala vipi? Kijana akaandika jina, ambalo ni lako pia lote kwa kuwa ulirithishwa, akataka simu. Yangu ilikuwa imezima kama kawaida yake, wewe ukataja ya kwako upesi ili kazi iishe, na hakuna aliyefikiria lolote, wewe wala mimi wala yeye. Koleo lake la kuvishia hereni likaingia sikioni mwa Bibi, kach! Hakusogeza hata mguu. Mimi ndiye niliyeruka. Nikasema, "Samahani, mama," na yule kijana akadhani naongea na wewe.

Usiku ule nilimwota mama yangu. Alikuja na ile hereni ya njano, imemkaa vizuri, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvaa kitu sikioni. Nikaogopa atanigombeza. Akaniambia, "Moja tu? Ya pili uliwapa nani?" Niliamka nikicheka peke yangu kitandani, mama yako akanipiga kiwiko.

Nakuletea haya yote ili ujue tulikuwa tumezoeana naye, mimi na marehemu. Ndiyo maana niliyoyafanya baadaye yananiuma.

Mbaazi zilipoanza kuvunwa, ile habari ya chuo ikaingia kwenye simu yako. Uuguzi, na wamekupangia huko huko ziwani nilikotoka mimi. Ulikuja ukikimbia kutoka kisimani, umeacha ndoo imejaa, unasoma kwa sauti na huku unahema. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikasema, "Vizuri." Neno moja, halafu nikaenda kutazama kwato za ng'ombe ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Wiki ile ile Bibi akapotea. Walirudi wote jioni, yeye hayupo. Ndipo niliposema pale kwenye moto, mbele ya wadogo zako: "Mnaona? Bibi yenu hataki huyu mtoto aende. Haendi popote mpaka Bibi arudi." Mama yako akaacha mwiko ndani ya ugali, akanitazama tu. Wewe uliinuka, ukakusanya vyombo ambavyo hata havijaliliwa, ukaenda kuviosha. Nilitaka ubishe, mwanangu. Ungebisha ningekasirika, tungegombana, pengine ukweli ungetoka. Heshima yako ilinifunga mdomo.

Nilikwenda kwa yule kijana wa mifugo, nikamfokea. "Si mlisema ana hereni? Haya, washa mtambo wako uniambie yuko wapi." Akanijibu kwa upole tu. "Mzee, hereni si simu. Haiiti mtu. Imenyamaza pale sikioni mpaka aje mtu na kifaa, amsogelee karibu kabisa, ndipo inasema huyu ni nani. Asiposogelewa, haisemi kitu."

Nilirudi njia nzima nikiyatafuna maneno hayo. Nakuambia kweli, sijasikia kanisani wala mkutanoni maneno yaliyonikaa namna ile. Miaka yote uliyokua hapa nimekuwa nikikutazama kwa mbali, nikidhani nakujua kwa sababu naona unavyotembea, unavyokamua, unavyowanyamazisha wadogo zako. Sikuwahi kukusogelea nikauliza, "Wewe unataka nini?" Nilingoja useme mwenyewe. Na wewe damu yangu, ulinyamaza.

Sasa lile lenyewe. Kila asubuhi niliaga nakwenda kumtafuta Bibi. Mama yako alinifungia viazi kwenye mfuko. Nilikwenda, ni kweli. Nilipita mabonde, niliuliza kwa wafugaji wenzetu, nililala kwa watu. Lakini kuna siku nilifika tu kwenye kivuli nikakaa, nikala vile viazi, nikatazama mawingu yanavyokwenda upande wa kwetu, nikashinda pale. Miguu ilikuwa inamtafuta na moyo ulikuwa unaomba asionekane. Ng'ombe wa mama yangu! Niliomba apotee moja kwa moja ili wewe ubaki. Nikisinzia kivulini mama yangu alikuja, akakaa mbali, amenipa mgongo. Sikumwita.

Mama yangu hakukataa uende. Hakusema kitu chochote. Ni mimi niliyekataa, nikamtia maneno yangu mdomoni kwa kuwa yeye hawezi kunikanusha. Nilijua jinsi mtoto anavyoondoka, mimi mwenyewe niliondoka. Nilijua jinsi mtu anavyosema "mvua zikiisha" na uso umenyooka kabisa. Niliogopa, Nkwimba. Niliogopa kusimama kwenye ule uwazi wa ua.

Na wewe ulikuwa umeshaanza kukata tamaa, nilikuona. Siku za kuripoti zinakaribia, begi umelirudisha darini. Nilipoona begi darini nikafurahi, halafu nikajichukia, halafu nikafurahi tena kidogo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Simu ilipolia ulikuwa unaanua nguo. Nilikuwa nimekaa pale pale nilipokaa sasa. Nikakusikia unasema, "Ndiyo... Ndiyo, mimi ndiye Nkwimba Masanja." Kisha ukageuka na nguo zote zikaanguka chini, ukasema, "Baba, Bibi yuko Marambo. Bwana mifugo wa huko amesoma hereni." Mwanangu, moyo ulinilipuka pande mbili. Nisikufiche.

Safari ile ya bodaboda tulibanana watu watatu. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Mimi nilikuwa na fimbo yangu, kwa sababu nilijua tunakwenda kwa wakulima, na unajua mikutanoni wanatusemaje sisi wa kutoka kanda ya ziwa, kwamba ng'ombe wetu wanamaliza ufuta na mbaazi za watu, na mara nyingine hawakosei. Tulipofika ukaniambia polepole, "Baba, fimbo iache kwenye pikipiki." Nikaiacha. Hukunisikia nilivyoshangaa kwamba nimekutii.

Mzee Anselimu tulimkuta kibarazani kwake na mkewe. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake akatuvutia mkeka. "Karibuni. Ng'ombe wenu huyo, mbona amelelewa! Aliingia shambani kwangu akala mbaazi mstari kwa mstari, hakanyagi. Nilikuja na panga, nasema kweli mbele ya Mungu. Nikaona amenitazama na hicho kihereni, nikasema ah, huyu ana wenyewe, huyu ana jina lake. Nikamfunga, nikampigia bwana mifugo wetu."

"Angekuwa hana hereni?" ukamuuliza.

Mzee Anselimu akacheka, akamtazama mkewe. "Mama Flora, tungefanyaje?"

"Tungekula," akasema mama yule, hata hakutabasamu, akaendelea kupepeta.

Yule bwana mifugo wa Marambo akaja na kifaa chake, akakisogeza sikioni mwa Bibi, kikalia ti! Akasoma kwenye kioo. "Nkwimba Masanja. Nani hapa ni Nkwimba Masanja?"

Pale, mwanangu, ndipo palikuwa na maisha yako yote, na mimi ndiye niliyekuwa nimeyashika. Nilikuwa na neno mdomoni. Ningesema tu, "Ni marehemu mama yangu," na ingekuwa kweli tupu, hakuna wa kunilaumu. Mwenye ng'ombe hayupo, wangemzuia Bibi, ingekuwa njoo kesho, leta barua ya mtendaji, nenda Ruangwa wilayani kwetu, rudi Nachingwea wilayani kwao, na siku zako za chuo zingepita. Nilishavuta pumzi niseme.

Ukasema, "Ni mimi."

Ukatoa kitambulisho. Hukunitazama. Na Bibi, ambaye tangu tufike alikuwa ametupa ubavu, aliposikia sauti yako akainua kichwa akaja mpaka kamba ikamzuia. Bwana mifugo akatazama kitambulisho, akamtazama ng'ombe, akasema, "Basi, dada, mwenyewe kakutambua." Nilienda nyuma ya nyumba ya watu, nikajifanya nakagua jembe la Mzee Anselimu, nikalia.

Ya mbaazi tulimalizana kirafiki, mvua zikianza nitakwenda na maksai kumlimia lile shamba, na mama yako ametaka nimpelekee Mama Flora samli. Yule bwana mifugo kabla hatujaondoka alinivuta pembeni. Alikuwa ameshaelewa, si mjinga. "Mzee, nadhani hapa paliandikwa mtu mwingine. Ukitaka turekebishe, tuandike jina lako." Nikamwambia, "Acha hivyo hivyo. Hapajakosewa."

Nilirudi na Bibi kwa miguu, nikakataa gari, unakumbuka mlivyonicheka. Nilitaka kumfuata nyuma. Njia nzima sikumtangulia. Kuna mahali kwenye pori la kati nilitembea nimelala, naapa, miguu inakwenda na macho yamefumba, na mama yangu alikuwa upande wa pili wa ng'ombe, mkono wake juu ya mgongo wa Bibi na mkono wangu pia, hatuongei. Nikamwambia, "Nilikusingizia." Akasema, "Najua. Tembea." Nilipofungua macho tulikuwa tunaingia kijijini na wewe umesimama kwenye uwazi wa ua wetu huu wa hapa, begi umeshalishusha kutoka darini.

Basi hayo ndiyo niliyotaka uyajue kabla hujaondoka. Kitu kimoja nakuomba. Siku moja ukiwa na mtu unayemhofia kumpoteza, mume, mtoto, rafiki, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba unaogopa. Usimtume marehemu wala Mungu wala ng'ombe. Nami naanza sasa, ingawa nimechelewa: sitaki uende. Nakupenda na nyumba hii sijui itakaaje bila kelele zako. Na nenda. Yote mawili ni ya kweli, na yote mawili nayasema mimi, baba yako, hakuna aliyenituma.

Ukipata nafasi fika kwetu. Ua wa minyaa nasikia bado upo, umekuwa mkubwa kupita nyumba. Simama pale kwenye uwazi, umwambie bibi yako kwamba Bibi alipatikana. Akikuuliza mimi narudi lini, usimpangie siku. Nitakuja mwenyewe kumwambia, nikimfuata mtu anayejua njia, na mtu huyo sasa ni wewe.

Na wewe usiniahidi kitu. Nakukataza kabisa kusema likizo fulani, mvua fulani. Mimi nitakaa hapa na Bibi. Yule kijana wa mifugo huja kila msimu wa chanjo, anazunguka zizini na kifaa chake, na kila akimsogelea Bibi kinalia, naye husoma kwa sauti kubwa, ndivyo alivyozoea: "Nkwimba Masanja! Yupo?"

Nitamjibu kama nilivyomjibu siku ile ya hereni.

Baba yako